Tusile Mbegu

Kabla mbegu za dukani hazijaenea katika nyanda za Uasin Gishu na mabonde yaliyo jirani, wazee walikuwa na desturi ya kuweka mbegu ya wimbi na mtama mahali pa juu ndani ya nyumba, penye kufikiwa na moshi, ili dudu lisiitoboe. Njaa ilipobisha mlango, waliuza kuku. Ilipoingia ndani, waliuza kondoo. Ilipoketi na kukataa kuondoka, walikwenda kuomba kwa shemeji. Lakini mbegu hawakuigusa. Mtu aliyekula mbegu alihesabiwa kuwa amekula chakula cha watoto wake kabla hawajazaliwa. Siku hizi mkulima hununua mbegu yake dukani, na sheria imebaki ile ile: fedha ya mbegu hailiwi.

Nchi nayo ina mbegu yake. Mbegu ya nchi ni msitu unaokamata mvua, ni chemchemi inayotoka chini ya msitu, ni udongo unaonyweshwa na chemchemi, na ni hewa inayovifunika vyote hivi. Mazao ya mbegu hii ni mahindi, maziwa, mbao, umeme na maji ya kunywa. Uchumi wenye kudumu ni ule unaokula mazao na kuiacha mbegu. Mti unapokua huvuta hewa ya kaboni na kuifanya kuwa mwili wake. Ukichomwa pasipo kupandwa mwingine, hewa ile hurudi angani na kuzidisha joto la dunia. Makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni mabaki ya viumbe vya kale. Mwanadamu huchoma katika siku moja akiba iliyowekwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Kwa hiyo, watu wanaponena habari za uchumi usiochafua hewa, hawaneni jambo geni lililotoka ng'ambo kwa meli. Wanarudia sheria ya wazee wetu juu ya mbegu.

Nasema katika insha hii kwamba nchi yetu inayozunguka Eldoret inakula mbegu yake. Kwamba walaji wakubwa si wale wanaolaumiwa kila siku. Na kwamba uwezo wa kuacha tunao. Najua kuwa wako wanaopinga, nao huleta hoja tatu. Yafaa tuzipime moja moja, maana hoja isiyopimwa ni kama sarafu isiyogongwa: huenda ni ya risasi.

Hoja ya kwanza husema: moshi ni wa mataifa tajiri. Wao ndio waliojenga viwanda vya makaa ya mawe, wao ndio wenye magari yasiyohesabika. Sisi sehemu yetu katika moshi wa dunia haifiki moja katika mia. Kwa nini basi maskini aambiwe azime kijinga chake, ilhali tajiri amewasha tanuri?

Katika hoja hii mna ukweli, na mtu mwadilifu hawezi kuukana. Uingereza ilifungua kituo chake cha kwanza cha umeme wa makaa ya mawe mjini London mwaka 1882, na cha mwisho ikakifunga tarehe 30 Septemba 2024. Kwa miaka 142 ilikula na kushiba. Deni la kuchafua anga ni lao kuliko letu, na viongozi wetu hufanya vyema wanapolidai katika mikutano ya mataifa. Lakini kudai deni ni jambo moja, na kutunza nyumba ni jambo la pili. Mtu aliyeibiwa ng'ombe haichomi ghala yake ili kumkomesha mwizi. Ukungu wa Kaptagat ukitoweka, hautatoweka London. Mto Moiben ukikauka, watakaotembea na mitungi ni watu wa Eldoret, ambao hunywa maji ya bwawa la Chebara lililo katika mto huo, na maji ya bwawa la Two Rivers lililo upande wa Kaptagat. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliukuta mji huu na watu 475,716. Mwezi wa Agosti 2024 ukapewa cheo cha jiji. Cheo hakinyweki. Jiji lisilo na msitu juu yake ni kama mtungi usio na kisima.

Zaidi ya hayo, wenye hoja hii hudhani kwamba maskini ana njia moja tu ya kutajirika, nayo ni ile iliyopitwa na tajiri. Nchi yetu yenyewe yawakanusha. Yapata sehemu tisa katika kumi za umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke wa Olkaria umekuwa ukitoa umeme tangu mwaka 1981, wakati nchi nyingi zilizo tajiri kuliko sisi zilipokuwa bado zinachimba makaa. Mwaka 2019 baraza la kisheria la mazingira lilibatilisha kibali cha mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Lamu, na taa za nchi hazikuzimika. Basi katika umeme tumekwisha tangulia. Aibu yetu haiko kwenye nguzo za umeme. Iko jikoni.

Hoja ya pili husema: dawa ni kupanda miti, na miti tunapanda. Mwezi wa Desemba 2022 serikali ilianzisha mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi. Hesabu ya mwaka 2021 iliikuta imefunika asilimia 12.13. Tarehe 13 Novemba 2023 ilifanywa kuwa siku ya mapumziko, watu waache kazi waende kupanda. Jambo jema, wala simcheki mtu aliyechafua mikono yake kwa udongo.

Lakini tutazame mambo yanavyokwenda siku hizo. Mgeni wa heshima huja kwa gari. Shimo limekwisha chimbwa. Mche umekwisha tolewa katika karatasi. Maji yametiwa katika chombo kilichopambwa. Mgeni huuweka mche shimoni, hupigwa picha, husema maneno, huondoka. Kesho yake mbuzi huja bila kualikwa. Baada ya miezi mitatu jua la Januari humaliza kile alichokibakiza mbuzi. Mwaka unaofuata shimo lile lile huchimbwa tena, naye mgeni mwingine huletwa. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo kila mahali. Nasema kwamba tumezoea kuhesabu miti iliyopandwa, ilhali hesabu yenye maana ni ya miti iliyokua. Marehemu Wangari Maathai alilijua jambo hili. Katika harakati aliyoianzisha mwaka 1977, wanawake walipewa malipo madogo kwa kila mche uliopona, wala si kwa kila shimo lililochimbwa. Kwa kanuni hiyo ndogo ya hesabu mamilioni ya miti yalisimama, na mwaka 2004 dunia ikamtunukia Nishani ya Nobel. Lau tungaliifuata katika kila kaunti, sherehe zingalipungua na misitu ingaliongezeka.

Tena, tufanye kwamba kila mche unapona. Je, miti iliyopandwa inalingana na miti inayoliwa? Hapa sina budi kukupeleka, msomaji kijana, mahali unapopajua kuliko mimi, nyuma ya ukumbi wa chakula wa shule yako.

Nyuma ya ukumbi ule pana rundo la magogo, refu kuliko mtu. Pana majiko, pana sufuria ambayo mtoto angeweza kuogelea ndani yake, na pana mpishi ambaye macho yake ni mekundu, si kwa kulia. Kila siku mahindi na maharagwe makavu hutiwa katika sufuria ile, nayo huchemka saa nyingi ili wanafunzi wapate githeri. Jioni maji huchemshwa tena kwa ajili ya ugali. Hesabu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kuni ndizo tegemeo la kupikia la asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya, na makaa asilimia 11.6, gesi ya mtungi asilimia 23.9, umeme haukufika hata asilimia moja. Hizo ni nyumba. Shule za bweni, vyuo na magereza ni nyumba za watu mia tano, elfu, elfu mbili, na nyingi kati yake hupika kwa kuni zile zile.

Tufanye hesabu ya mfano, nawe uisahihishe kwa vipimo vya shule yenu. Tuseme shule ina wanafunzi 1,000, na chakula cha kila mmoja chahitaji nusu kilo ya kuni kwa siku. Hizo ni kilo 500 kila siku. Tuseme shule iko wazi siku 270 kwa mwaka. Kilo 500 mara 270 ni kilo 135,000, yaani tani 135. Kwa lori la tani saba, ni malori 19 na zaidi. Tuseme mti mmoja uliokomaa watoa kilo 300 za kuni kavu. Basi shule hiyo moja inakula miti 450 kila mwaka. Je, siku ya kupanda miti shule hiyo hupanda mingapi? Na mingapi hufika umri wa kuitwa mti? Hesabu hii yaweza kufanywa na mwanafunzi wa kidato cha kwanza kwa dakika tano. Basi mbona wakubwa wa shule, wenye shahada na mihuri, wamekaa miaka hamsini wasiifanye?

Bandu bandu huisha gogo. Shule haioni msitu ukiisha, kwa sababu kuni huja kwa lori, na lori halisemi limetoka wapi. Huenda limetoka katika shamba la mkalitusi lililopandwa kwa kusudi hilo. Kama ni hivyo, heri. Huenda limetoka katika shamba la mjane aliyeuza mti wa kivuli ili alipe karo, karo iingie katika shule ile ile, shule inunue kuni. Huenda limetoka penye chemchemi. Mhasibu huandika neno moja tu, "kuni," na bei. Chemchemi haina mahali katika daftari lake.

Wala dawa si ya ajabu. Mahindi na maharagwe yakilowekwa usiku kucha huiva upesi zaidi; gharama yake ni maji na kukumbuka. Sufuria ikifunikwa hula kuni chache kuliko ikiachwa wazi. Kuni zilizokatwa mapema na kukaushwa chini ya paa hutoa moto mwingi na moshi mdogo, lakini shule nyingi hununua magogo mabichi na kuuchoma moto kwa kukausha maji. Jiko lililojengwa vizuri kwa matofali, lenye dohani na lililoshika sufuria mpaka kiunoni, laweza kupunguza kuni kufikia nusu, na kumwokoa mpishi na moshi. Shule yenye ng'ombe ina samadi. Samadi ikitiwa katika shimo lililofunikwa hutoa gesi ya kuchemshia chai, na kinachobaki ni mbolea. Shule yenye ekari tatu za nyasi zisizotumika ina shamba la kuni ambalo halijapandwa. Gesi ya mtungi nayo ni mafuta ya ardhini, nayo huletwa kwa meli. Siiiti dawa ya mwisho. Lakini huokoa mapafu ya mpishi na miti ya mlimani, na kwa mtu anayezama kamba ya kuazima ni afadhali kuliko maji.

Sasa hoja ya tatu, nayo ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa kuwa huvaa joho la hekima. Husema hivi: mharibifu wa msitu ni maskini. Ni yule mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani. Ni yule mzee mwenye mbuzi katika uwazi wa msitu. Watolewe, msitu utapona.

Mwanamke yule huokota matawi makavu, kwa sehemu kubwa, maana panga lake halikati gogo. Mzigo wake hupika chakula cha siku mbili au tatu. Kwa mfano tuliouhesabu, shule moja hula kwa siku moja kilo 500. Mwanamke hukamatwa na mlinzi wa msitu. Lori hupigiwa saluti langoni. Hiyo ndiyo haki tunayoifundisha kwa vitendo, halafu twashangaa vijana wakitoka shuleni wakiamini kwamba sheria ni ya wadogo.

Mambo haya yamekwisha leta damu. Katika msitu wa Embobut, kwenye milima ya Cherangani, Wasengwer wameishi vizazi vingi. Wametolewa mara nyingi, na mwezi wa Januari 2014 nyumba zao zilichomwa kwa jina la kuhifadhi maji. Mwezi wa Januari 2018 mtu wao mmoja aliuawa kwa risasi, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha msaada wa euro milioni 31 uliokusudiwa kutunza vyanzo vya maji vya Cherangani na Mlima Elgon. Tazama hasara iliyokusanyika hapo: mtu amekufa, watu hawana makao, na fedha ya msitu imeondoka. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, ilikuwa imekwisha amua katika kesi ya Waogiek wa Mau kwamba haki zao zilivunjwa walipotolewa, na kwamba hifadhi haikutosha kuwa sababu. Uchumi unaoitwa safi, kisha ukaanza kwa kuchoma nyumba ya maskini, moshi wake wa kwanza ni wa dhuluma. Mwenye msitu aliyeishi nao akafanywa mlinzi na mshirika, akapata sehemu yake ya faida, atautunza kuliko askari anayehamishwa kila baada ya miaka miwili.

Hoja tatu zimepimwa. Sasa yafaa nionyeshe njia, maana abomoaye bila kujenga ni sawa na tetemeko la ardhi.

Historia ya Eldoret yenyewe ina somo. Kwa miaka mingi mji huu ulikuwa na kiwanda cha kukamua dawa ya kutengenezea ngozi kutoka katika maganda ya miwati, miti iliyoletwa kutoka Australia. Maganda yalikwenda kiwandani, magogo yakawa kuni na makaa, na ulipokatwa mti palipandwa mti. Siisifu dhuluma iliyowapa wageni ardhi ile; ilikuwa dhuluma, na jina lake halibadiliki. Lakini hesabu ya mti ilikuwa sahihi. Mwishoni mwa karne iliyopita na mwanzoni mwa hii, mashamba yale yaliuzwa na kugawanywa. Watu wengi walipata ardhi, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini tuliirithi ardhi tukaisahau hesabu. Mahindi yalichukua mahali pa miwati, na swali la mahali zitakapotoka kuni za mji halikupata jibu. Kisha wengi walikimbilia mikalitusi ili wauze nguzo za umeme. Zilipokuja nguzo za saruji, bei ya miti ikawavunja moyo. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilikataza ukataji wa miti katika misitu ya umma. Katazo la siku 90 likawa la miaka mitano, hata Rais alipotangaza kuliondoa mwezi wa Julai 2023. Wenye viwanda vya mbao walilia, wenye msitu walilia. Ndivyo iwavyo kwa nchi isiyo na hesabu: leo hukata pasipo kiasi, kesho hukataza pasipo kiasi.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Uasin Gishu peke yake haiwezi kujitosheleza, wala haihitaji. Kaunti nane, yaani Uasin Gishu, Trans Nzoia, Nandi, Elgeyo-Marakwet, Pokot Magharibi, Baringo, Turkana na Samburu, zilikwisha kubaliana kuwa na umoja wa kiuchumi wa Bonde la Ufa Kaskazini. Tazama walichojaliwa ndugu hawa wanane. Pokot Magharibi ina bwawa la Turkwel, lenye mtambo wa megawati 106 tangu mwaka 1991, na maji yake hutoka Mlima Elgon na Cherangani. Baringo ina mvuke wa ardhini. Mwaka 2019 ulipatikana katika mlima Paka. Turkana na Samburu zina jua lisilochoka. Trans Nzoia, Nandi na Uasin Gishu zina nafaka, chai na maziwa. Bonde la Kerio lina pamba, na Eldoret ina kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilichoanzishwa mwaka 1976, kikaanguka, kikachukuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kufunguliwa upya kwa mitambo mipya mwaka 2019. Reli ilifika mjini tangu mwaka 1924. Yako pia mafuta ya petroli yaliyogunduliwa Turkana mwaka 2012. Lakini mafuta ni urithi wa kutumiwa mara moja, na mwana mwerevu hajengi maisha yake juu ya kuuza urithi.

Je, ndugu hawa wanane huuziana nini kwa wingi? Makaa hushuka kutoka nchi kavu, kuni hushuka kutoka milimani, na dizeli hupanda kutoka Mombasa. Mahindi mabichi ya Ziwa na Moi's Bridge hungoja foleni ya mashine za kukaushia zinazokunywa dizeli, na kando ya foleni magunzi ya mahindi yale yale huoza au huchomwa bure, ingawa gunzi kavu ni kuni. Sokoni twavaa nguo zilizokwisha valiwa Ulaya, ilhali pamba ya Kerio na kiwanda cha Eldoret vimetengana kwa mwendo wa saa chache tu. Haya ndiyo mambo ya kuzungumzwa na umoja wa kaunti nane: mvuke wa Baringo uchemshe maziwa ya Nandi, jua likaushe mahindi, pamba ya bondeni isokotwe mjini kwa umeme usio na moshi, na kila kaunti ya chini inayokunywa maji ilipe sehemu ya ulinzi wa mlima ulio juu yake.

Udongo nao usisahauliwe. Mkulima wetu hupanda mahindi juu ya mahindi, mwaka baada ya mwaka, na hutia mbolea ya chumvichumvi ambayo kutengenezwa kwake hula gesi nyingi ya ardhini katika nchi za mbali. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipozuka, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulipita shilingi 6,000. Vita ya Wazungu ikaingia katika shamba la Moiben! Serikali ililipa sehemu ya bei, na ilifanya vyema. Lakini ruzuku ni gongo la mgonjwa, si mguu. Udongo mwingi wa Uasin Gishu umekwisha kuwa mchachu kwa matumizi ya mbolea hizo. Chokaa ya Koru haiko mbali. Samadi iko nyumbani. Maharagwe na jamii ya kunde hurudisha rutuba kwa kazi yao wenyewe. Mkulima anayechanganya vitu hivi hategemei amani ya nchi za mbali ili watoto wake wale ugali.

Najua litakaloulizwa: fedha itatoka wapi? Nami nauliza: fedha ya malori 19 hutoka wapi? Hutolewa kila mwaka, wala hakuna anayeiita ghali, kwa sababu imezoeleka. Jiko jema hujengwa mara moja na kupumzisha lori mwaka hata mwaka. Na iko gharama isiyoandikwa. Novemba 2019 milima iliporomoka Pokot Magharibi. Aprili 2020 ikaporomoka Chesegon. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba 2025 ikaporomoka Chesongoch, na makumi ya watu walikufa. Sitasema kwamba mti fulani ungaliuzuia mlima fulani. Mteremko ule ni mkali na mvua ile ilikuwa kubwa. Lakini mizizi hushika udongo, joto la dunia huzidisha nguvu ya mvua, na mtu anayeng'oa mizizi huku akiongeza mvua hana haki ya kuuita msiba wake bahati mbaya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumekwisha anza kujenga makaburi.

Vijana, hamwezi kuwaamuru magavana, wala sikuombeni mwaamuru. Lakini jiko la shule ni lenu, maana ni ninyi mnaokula kilichopikwa humo. Kapimeni kuni kwa siku saba. Ziandikeni. Zidisheni kwa siku za mwaka. Hesabuni miti iliyopandwa na shule yenu katika miaka mitatu, kisha hesabuni iliyo hai. Pelekeni karatasi hiyo kwa mwalimu mkuu na halmashauri ya shule, kwa adabu na bila woga, mkaulize maswali mawili: kuni hizi hutoka wapi, na mahali zitokapo pamepandwa nini? Mkiulizwa nani amewatuma, semeni mmetumwa na hesabu. Mwaka unaofuata pimeni tena. Shule kumi zikifanya hivyo, kaunti itasikia. Shule mia zikifanya hivyo, kaunti nane zitasikia.

Siku moja mtakuwa ninyi wahasibu, wapishi, wenye malori na magavana. Siku hiyo wanafunzi watakuja kwenu na karatasi yao mkononi. Itawafaa kuwa na jibu.